Siku Kumi za Hamjui

Mbwa wa kwanza aliponisogelea nilirukia bodaboda iliyonileta. Mwenye pikipiki alikuwa ameshaiegesha na kuanza kufungua mizigo, kwa hivyo pikipiki, mimi, mfuko wa mchele na ndoo ya samaki wa kukaanga tulikwenda chini pamoja. Mbwa mwenyewe alitutazama, akapiga chafya, akarudi zake chini ya mkorosho. Wajukuu wa Hawe, bibi mwenyeji wetu, walikuwa wamejipanga kutupokea. Mdogo wao alicheka mpaka akakaa kitako mchangani, na sikumlaumu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Malindi mjini. Bibi yangu mzaa mama ni mtu wa Lamu, na Lamu ni mji wa punda na paka. Mbwa niliowajua utotoni ni wa aina mbili tu: wale waliotembezwa ufuoni na Waitaliano kwa kamba za ngozi, na wale wa jalalani ambao tuliwarushia mawe tukitoka chuoni. Somo langu lote juu ya mbwa lilikuwa neno moja, najisi. Hakuna aliyenifungulia neno hilo nikaona lina nini ndani, basi nikalijaza mwenyewe kwa woga.

Mwaka 2009 nilisoma ushonaji pamoja na wanawake wawili ambao hadi leo ni ndugu zangu. Mama Zawadi ni Mgiriama, mcheshi, hawezi kukaa na siri hata ya bei ya kitambaa. Da' Mkubwa tulimwita hivyo kwa sababu alitupita wote kwa umri darasani, na kwa sababu akishakata shauri limekatika. Baba yake alikuwa mwalimu wa chuo, na yeye ana elimu kuliko wengi wanaovaa kanzu. Kila Agosti shule zikifungwa, kabla wazazi hawajaanza kutukimbiza na sare za muhula wa tatu, Mama Zawadi hutualika kwao shamba. Kila mwaka nilikuwa na udhuru: mbu, choo cha shimo, nguo za harusi. Mwaka jana Da' Mkubwa alikuwa ndio kwanza ametoka eda, amekonda, kicheko kimemhama. Mama Zawadi akasema tumpeleke akapigwe na upepo mwingine. Kwa hilo niliona haya kutoa udhuru.

Kwao ni upande wa Jilore. Unapanda matatu ya Kakuyuni, halafu bodaboda kwenye vumbi jekundu, na kushoto kwako msitu wa Arabuko-Sokoke unakusindikiza. Ni msitu mkubwa, kama kilomita za mraba 420, una ndovu ndani, na una mnyama mdogo mwenye pua ndefu na makalio ya rangi ya dhahabu ambaye makao yake makuu duniani ni humo. Kutoka kwa Hawe hadi ukingoni ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Robo saa hiyo ndiyo iliyomponza mbwa wake Hamjui.

Hawe kwa Kigiriama ni bibi. Huyu ni nyanya yake Mama Zawadi, mwanamke mwembamba wa leso mbili, na mbwa wake huwapa majina kama maneno ya leso. Yatakwisha, jike mzee wa sikio lililochanika, alipata jina mwaka wa ugomvi wa mpaka wa shamba. Kila jioni Hawe alisimama ua upande wa jirani na kumwita kwa sauti: Yatakwishaaa! Hamjui, dume la rangi ya kahawia lisilotimiza mwaka, ni jibu kwa waliosema kwamba mjane hawezi kuendesha boma peke yake. Wa tatu ni Bosi. Bosi hulala.

Mimi nami sikukosa jina. Hawe aliposikia asili yangu akaniita Mlamu, na kila aliponiita wajukuu walikufa kwa kicheko, maana mlamu pia ni shemeji. Kufikia Jumanne nilikuwa nimeshaozwa kwa mjomba mmoja ambaye sikuwahi kumtia machoni.

Jioni ile ya Jumapili Hawe alinikalisha kwenye kigoda, akaniwekea ukoko wa sima kwenye kifuu.

"Mtupie. Usimpe mkononi, bado hamjajuana."

Nikatupa. Nilitupa mbali kama anayetupa jongoo.

"Sasa sikiza, Mlamu. Usimkimbie. Ukikimbia wamwambia wewe ni paa. Wala usimkodolee macho, hata wewe hupendi kukodolewa. Simama, tazama kando, mwache aje mwenyewe. Huyu hamjui mtu kwa macho, amjua kwa pua."

Hamjui akaja. Nilikaza meno nikatazama mnazi. Pua yake ilipita karibu na dera langu mara mbili, halafu akaenda kulala kwenye majivu ya jiko la nje, mahali pao pa kila usiku. Mbwa wa Hawe hawaingii nyumbani, hawapapaswi, na chakula chao ni ukoko na maji ya kuchemshia vichwa vya samaki, baada ya watu wote kula. Lakini hakuna anayewapiga teke. Nilimwona mjukuu wa miaka minne akinyang'anywa kijiti kwa kumchokoza Bosi usingizini, na aliyemnyang'anya alikuwa dada yake wa miaka sita. Kwetu mjini tungemsifu kwa ushujaa.

Jumatatu magharibi mkia wa Yatakwisha ulinigusa muundi. Niliruka na kibuyu cha maji mkononi. Da' Mkubwa alikuwa ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi, hakuinua hata uso.

"Alikuwa mkavu?"

"Mkavu."

"Na wewe?"

"Mkavu."

"Kavu kwa kavu haina najisi. Keti. Chuo ulisoma au ulikuwa ukipita njia?"

Akaendelea kukuna, na akaendelea kusema. Kwamba sisi wa madhehebu ya Shafi tunaosha mate ya mbwa mara saba, moja kwa udongo, na hiyo ni hukumu ya kuosha, si hukumu ya kutupa mawe. Kwamba Wamaliki kauli yao ni nyepesi zaidi. Kwamba Surat al-Maida inahalalisha windo linaloletwa na mbwa aliyefunzwa, na wale vijana wa pangoni katika Qur'ani walikuwa na mbwa wao mlangoni. "Na yule kahaba aliyesamehewa kwa kuteka maji kwa kiatu chake, alimnywesha nani? Paka?" Nilinyamaza. Nilikuwa nimezisikia habari hizi zote, moja moja, kwa miaka mingi. Hakuna siku nilizikalisha mkeka mmoja.

Siku zilizofuata zilikwenda upesi. Asubuhi dafu na mahamri yaliyobaki ya mjini, mchana sima na mchunga wa nazi, jioni maneno. Da' Mkubwa alilala sana. Siku moja nilimsikia akicheka peke yake nyuma ya nyumba, na nilipochungulia alikuwa akimwangalia Bosi akijaribu kumfukuza jogoo, ameshindwa.

Mchana tulikwenda kwenye dungu. Mahindi yalikuwa yanakaukia shambani, na nyani huyajua mahindi kuliko mwenye shamba. Watoto hukaa juu ya dungu na mabati ya kugonga, na chini wanakaa mbwa. Mimi nilidhani kazi ya mbwa ni kupigana. Sivyo kabisa. Nyani dume aliyekomaa ana meno ya kumpasua mbwa tumbo, na Yatakwisha alilijua hilo. Yeye alinusa upepo, akasimama, akabweka kuelekea sehemu moja ya kichaka ambako mimi sikuona kitu, na watoto wakagonga mabati upande huo. Nyani walitoka hasa pale, wanane au tisa, mmoja amebeba mtoto mgongoni, wakarudi msituni wakitukana. Yatakwisha hakusogea hata hatua tatu. Aliyewakimbilia mpaka wakamgeukia, naye akarudi mbio mkia katikati ya miguu, alikuwa Hamjui. Hawe aliguna. "Huyu uhodari wake utamfikisha mahali."

Jumatano watu wa mifugo walikuja uwanja wa shule ya msingi kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Sikuwahi kuona mkusanyiko kama ule: watoto na mbwa wao kwa kamba za makuti, kwa minyororo, kwa mikanda ya shule, mmoja kambeba wake kwenye karai kichwani. Bosi alikataa kutembea, akabebwa kwenye toroli ya maji. Mchanjaji alikuwa kijana mwenye kipaji cha kusema. Alieleza kwamba Kenya imejiwekea mwaka 2030 uwe mwisho wa watu kufa kwa kichaa cha mbwa, na kwamba mbwa wakichanjwa kila mwaka, angalau 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa pa kupita. Halafu akasema jambo ambalo sikulitilia maanani. Ukiumwa, alisema, usikimbilie mganga wala kupaka mafuta ya taa. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima, uitazame saa, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu ugonjwa huu ukishaonyesha dalili hauna dawa. Mimi nilikuwa nikimpiga picha Bosi ndani ya toroli.

Ijumaa usiku Hamjui hakurudi kula.

Hawe alisema vijana hutembea. Lakini Yatakwisha hakukaa. Alikwenda hadi njia ya msituni, akarudi, akatutazama, akaenda tena. Usiku kucha nilisikia kucha zake uani. Alfajiri, baada ya swala, tulimfuata watatu: Mama Zawadi mbele na panga, Da' Mkubwa na kibuyu cha maji, mimi nyuma sina kitu.

Tulimkuta Hamjui hatuko mbali sana na ukingo. Hakuwa akibweka. Alikuwa amesimama kwa miguu mitatu, na wa nne, wa mbele kulia, umenaswa juu kidogo ya kiganja kwa waya wa breki ya baiskeli uliofungwa kwenye shina la mti mdogo. Ulikuwa mtego wa paa. Alikuwa amezunguka usiku mzima, mchanga ulikuwa umechimbika duara safi kama umepigwa kwa bikari, na kila mzunguko ulikaza kitanzi. Waya ulikuwa umezama kwenye nyama, hauonekani, unaona mfereji tu na nzi.

Mama Zawadi alimtupia leso kichwani akamkumbatia shingo. Da' Mkubwa alikata waya upande wa mti kwa kuupigia panga juu ya jiwe. Kitanzi chenyewe kilibaki mguuni. Mama Zawadi alijaribu kwa mkono mmoja akashindwa. Vidole vyake vinene, na damu ilikuwa imegandia kwenye fundo.

"Wewe," aliniambia. "Wewe ndiwe unayefumua."

Ni kweli. Kati yetu watatu, kazi ya kufumua huja kwangu. Shela ya bibi harusi ikikosewa mshono hunipa mimi, kwa sababu naweza kutoa uzi bila kuacha tundu. Nikapiga magoti. Nikatoa pini kwenye mtandio wangu. Nikaingiza ncha chini ya waya pale ulipokutana na fundo, nikauinua kidogo, kama unavyouinua uzi wa chini ili uone umeshika wapi. Hamjui alitetemeka, akatoa sauti nyembamba ya mlango usiotiwa mafuta. Nikaingiza ukucha. Waya ukarudi nyuma upana wa punje ya mchele. Nikarudia. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshika kiganja cha mbwa, nami sikuwa nimegundua. Kilikuwa na joto, na chini yake kigumu kama soli.

Waya ulipochomoka ngozi ilitoka nao kidogo. Leso ilikuwa imeteleza. Hamjui aligeuza kichwa akaniuma chini ya dole gumba, mara moja, akaachia. Halafu akaniramba palepale alipouma.

Sikupiga kelele. Nilikaa kitako nikitazama matundu mawili yanayotoa damu na mate yanayong'aa juu yake, na kitu cha kwanza kilichonijia akilini kilikuwa yule kijana wa uwanjani: robo saa, uitazame saa.

Maji ya kibuyu yaliishia hapohapo, kuosha kwenyewe kulingoja nyumbani. Nilikaa kwenye jiwe la kufulia, Da' Mkubwa akinimiminia kwa kata, sabuni ya kipande mkononi, simu imeegeshwa kwenye kinu inahesabu. Dakika kumi na tano ni ndefu ajabu. Zilimaliza mitungi miwili ya lita 20, maji ambayo watoto huyafuata mbali kwa toroli, na hakuna aliyenuna. Baadaye niliuliza habari ya mara saba na udongo. Da' Mkubwa alifikiri. "Udongo kwa mkono wa nguo na kwa pini. Kwenye kidonda usitie hata chembe. Kidonda kwanza."

Kabla hatujaondoka jirani alifika, yuleyule wa mpaka. Alisema mbwa aliyeonja damu ya mtu ni wa kuuawa, na akajitolea kufanya hivyo bila malipo. Hawe hakumjibu. Alinitazama mimi, kwa kuwa mwenye jeraha ndiye mwenye neno.

"Mlamu, wasemaje?"

Jumapili iliyotangulia ningesema auawe, na ningeona nimetenda wema. Nilisema tungoje hospitali itasema nini.

Kituo cha kwanza hakikuwa na chanjo. Walitutuma tukanunue duka la dawa, duka la dawa likatutuma kwingine, na nilichomwa saa kumi na moja jioni Malindi mjini, begani, si tumboni. Naandika begani kwa makusudi, kwa sababu matatu nzima ilinitishia sindano ishirini na moja za kitovu. Hizo ni habari za zamani. Mhudumu aliuliza mbwa yuko wapi. Nilipomwambia kuna mtu anataka kumuua, aliweka kalamu chini. Asiuawe, alisema. Kadi yake ya chanjo ina siku tatu tu, haiwezi kutegemewa bado, lakini yeye mwenyewe ndiye kipimo. Mbwa anayetoa virusi kwenye mate huugua na kufa ndani ya siku chache. Afungwe, alishwe, atazamwe siku kumi. Akiwa mzima siku ya kumi, hakuwa na kichaa siku aliyokuuma, na tutaacha sindano zilizobaki. Wakati huo huo mimi nirudi siku ya tatu na siku ya saba.

Basi nikabaki mjini na cherehani yangu, na maisha yangu yamefungwa kwa kamba ya makuti chini ya mkorosho kule Jilore.

Hawe ana simu ndogo na hana salio. Tukakubaliana flashi moja asubuhi: Hamjui amekula. Flashi mbili: nipige. Jumapili moja. Jumatatu moja. Jumanne, siku ya sindano ya pili, moja, na nikampigia hata hivyo, nikauliza anakunywa maji, anatazama mwanga, mate yanamtoka? "Anywa maji yangu yote," alisema Hawe. "Mguu wavimba, nampaka chumvi na maji ya uvuguvugu, amenyamaza tu kama mtu." Alhamisi zikaja mbili. Niliacha gauni la mteja chini ya sindano ya cherehani, nikatoka nje kupiga, moyo uko kooni. Alikuwa amebonyeza vibaya.

Mama Zawadi na Da' Mkubwa walikuwa wakipitia dukani kila jioni wakisingizia njia. Da' Mkubwa hakuuliza mkono wangu unaendeleaje. Aliuliza, "Amekula?"

Jumanne ya siku ya kumi simu haikulia asubuhi. Saa nne, kimya. Saa sita, kimya. Nilishona kola ya shati upande usio wake, nikaifumua, nikaishona tena vilevile. Nilipokuwa nikitafuta viatu niende stendi, simu ililia, na haikukatika. Hawe alikuwa ameazima salio kwa jirani wa mpaka.

"Mlamu! Mbwa wako amekata kamba."

"Amekimbia?"

"Akimbie aende wapi? Amemfukuza kuku aliyeatamia na kula mayai yote kumi na moja. Huyu hana kichaa. Huyu ana njaa."

Nikamuuliza mguu.

"Uliza kuku wangu," alisema Hawe, na salio la jirani likaisha.